Tuanze na miguu ya gari, injini baadaye

UKIMSIKILIZA kijana anayepamba gari lake siku hizi, neno la kwanza litakalomtoka ni injini. Atakueleza alivyofunga turbo, alivyobadili bomba la moshi na jinsi gari linavyonguruma likipita mtaani usiku. Muulize shokapu zake zina umri gani. Atakutazama kama mtu aliyeulizwa umri wa bibi yake.

Naomba nieleweke mapema. Sina ugomvi na vijana wanaopenda magari, wala sisemi kasi ni dhambi ikiwa mahali pake. Ugomvi wangu ni na tabia ya kuanzia mwisho: kuliongezea gari nguvu, au kulibebesha mzigo, kabla ya kutengeneza miguu yake.

Miguu ninayoisema ni springi, shokapu, bushi, boljointi na ile fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kulia na wa kushoto ili gari lisilale kwenye kona. Springi hubeba uzito. Shokapu huizuia springi isiendelee kudunda baada ya gari kukanyaga shimo. Vyote hivyo vina kazi moja kubwa, nayo ni kuhakikisha tairi haliachi barabara. Tairi likiwa hewani, usukani hauna kazi, breki hazina kazi na hiyo turbo haina kazi.

Watu wa mwambao hawahitaji somo refu juu ya hili. Kuanzia Lamu hadi bandari ya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Cabo Delgado nchini Msumbiji, kila nahodha anajua kuwa huwezi kutweka tanga kubwa kwenye chombo kitupu kisicho na farumi. Tanga ndilo linalovuta, lakini farumi ndiyo inayokiweka chombo wima. Upepo wa kwanza wa maana ukija, kisicho na farumi kinalala.

Wamarekani nao walijifunza jambo hilo kwa yale magari yao ya injini kubwa, wanayoyafananisha na mtu aliyejaa misuli. Ford Mustang ilizinduliwa Aprili 1964 na ikapendwa mno. Kwenye njia iliyonyooka ilikwenda mbio. Kwenye kona yalikuwa mambo mengine.

Carroll Shelby alipopewa kazi ya kuligeuza gari hilo kuwa la mashindano, mwaka 1965 alitoa Mustang iliyoitwa GT350. Ni kweli aliigusa injini, nguvu zake zikapanda kutoka farasi 271 hadi 306. Lakini tazama alichofanya chini. Aliteremsha mahali inapofungwa mikono ya juu ya magurudumu ya mbele, akafunga fimbo nene zaidi ya kuzuia gari kulala, akaweka shokapu za Koni, kisha akatia vyuma vya kuizuia ekseli ya nyuma isijipinde injini inapovuta. Gari hilo likatwaa ubingwa wa daraja lake Marekani mwaka huo huo.

Hata sisi Afrika Mashariki somo hili lilitufikia mlangoni. Mwaka 1964 Ford ilileta magari yake ya Mercury Comet, yenye injini ya V8 ya lita 4.7, kwenye mashindano ya Safari. Magari 94 yalianza na 21 tu ndiyo yaliyomaliza. Comet zilizofika zilikuwa mbili, nazo zilikuwa za mkiani. Ushindi ulikwenda kwa Peter Hughes na Billy Young waliokuwa kwenye Ford Cortina GT, gari dogo la lita 1.5.

Mwaka uliofuata Joginder Singh, fundi makanika wa Kenya, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544 iliyokwishatumika. Sisemi springi peke yake ndizo zilizoamua mashindano hayo. Nasema ukubwa wa injini haukumwokoa mtu kwenye barabara zetu.

Sasa turudi Mocímboa da Praia, kwa sababu huko suala hili si la mashindano. Ni la watu wanaokwenda sokoni, hospitali na mazikoni.

Mwaka 2009 nilisafiri kwa pikapu kutoka mji huo kupitia Palma hadi mpaka wa Namoto, ng'ambo ya Kilambo kwetu Mtwara. Nyuma tulipakiwa watu, magunia, madumu na kuku. Dereva alikuwa ameongeza vyuma viwili kwenye springi za nyuma. “Mzee wangu, hii sasa ni lori,” aliniambia kwa fahari. Kila gari lilipopita kwenye matuta madogo yaliyojipanga kama bati, nyuma palirukaruka na kuhama upande. Mchanga ulitulazimisha kwenda polepole, na nadhani huo ndio uliotuokoa.

Kijana yule hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyemweleza kwamba springi ikiongezwa, ekseli haiongezeki, breki haziongezeki, tairi haliongezeki na chesisi haiongezeki. Kilichoongezeka ni uwezo wa gari kuficha kwamba limezidiwa.

Kuna jambo jingine ambalo wenye pikapu wengi hawalijui. Pikapu nyingi zina kifaa kidogo kilichounganishwa na ekseli ya nyuma, ambacho hupima bodi limeshuka kiasi gani. Mzigo ukiwa mwingi bodi hushuka, na kifaa hicho huruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Ukiongeza vyuma vya springi, bodi halishuki tena. Kifaa kisiporekebishwa kitadhani gari ni tupu, na kitazipunguzia breki za nyuma nguvu wakati ule ule unapozihitaji kuliko wakati wowote.

Mji huo umeonja machungu ya kutosha. Ulishambuliwa Oktoba 2017, bandari yake ikatekwa Agosti 2020, ukakombolewa Agosti 2021. Tangu hapo wakazi wengi wamerejea, na mtu anayerudi kwao na godoro lake na watoto wake haji na ndege. Anakuja nyuma ya pikapu au lori. Aliyenusurika risasi hastahili kufia kwenye springi iliyochomelewa.

Mijini kwetu kosa ni lile lile, ila linafanywa kinyume. Huku hawaongezi, wanakata. Kijana anampelekea fundi gari, fundi anachukua msumeno wa umeme, anaondoa mzunguko mmoja wa springi na gari linashuka. Linapendeza kwelikweli. Lakini springi iliyokatwa ni fupi, na gari likiruka inaweza kuchomoka mahali pake. Shokapu iliyotengenezwa kwa urefu wa zamani inagonga mwisho wake kila mara, na haichukui muda inavuja. Magurudumu yanabadili pembe na matairi yanalika upande wa ndani, mahali ambapo mwenye gari hatazami.

Wapo wanaojitetea kuwa magari ya mashindano huwa chini na magumu. Ni kweli, lakini uwanja wa mashindano umelainishwa. Barabara yenye mashimo na mawimbi inataka springi yenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na shokapu isiyochemka upesi, kwa sababu mafuta ya shokapu yakipata moto sana hutoa povu na kazi yake inakwisha. Kinacholifaa gari la uwanjani ndicho kinacholiua gari la barabara ya vumbi. Springi huchaguliwa kwa njia na kwa mzigo. Haichaguliwi kwa picha.

Na huo uwanja uko wapi? Msumbiji ina uwanja wake wa mbio za magari Maputo, karibu na bahari, uliojengwa miaka ya 1960. Lakini Maputo ni zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Mocímboa da Praia. Kwa kijana wa kaskazini ya mbali, kama alivyo kijana wa Mtwara au Lindi, uwanja pekee wa kujaribia gari lake ni barabara ambayo mama yake anavuka akitoka sokoni.

Najua nitaambiwa kuwa vipuri halisi ni ghali. Sikatai. Lakini aliyepata fedha za turbo hawezi kuniambia amekosa za bushi. Na mwenye pikapu anayebadili tairi kila mara kwa sababu linalika upande mmoja tayari anailipa gharama hiyo, ila anailipa kidogo kidogo bila kujua.

Ushauri wangu kwa wenye magari ni mfupi. Anza na matairi mazuri na breki. Kisha badili shokapu na bushi zilizochoka, zote za ekseli moja kwa pamoja, si upande mmoja tu. Kama bado gari linalala kwenye kona, tafuta springi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hilo na fimbo nene zaidi. Pima alaimenti kila unapogusa chochote huko chini. Ukimaliza yote hayo na bado una fedha, hapo ndipo uizungumzie injini.

Kwa wanaokagua magari nina ombi moja. Taa, pembetatu na mtungi wa kuzimia moto vina umuhimu wake, lakini mkaguzi ainame pia uvunguni. Springi iliyokatwa kwa msumeno au kuchomelewa huonekana kwa macho, haihitaji mtambo. Gari la abiria likikutwa nayo lisiendelee na safari, hata kama mwenye nalo ni mkubwa.

Na kwa serikali zetu pamoja na vyama vya michezo ya magari: tengeni maeneo ya wazi yenye uzio, ambako kijana atalipa kiingilio kidogo na kujaribu gari lake mchana kweupe, gari la wagonjwa likiwa karibu. Kumkamata kila Jumamosi usiku bila kumwonyesha pa kwenda ni kucheza naye kujificha.

Gari lenye injini ndogo na miguu mizima litakufikisha. Lenye injini kubwa na miguu mibovu litakuwahisha mahali ambako hukukusudia kwenda.

Naomba kutoa hoja.