Ngazi ndefu bila maji haitaokoa korosho

Ikitajwa habari ya gari jipya la zimamoto, wengi huuliza kwanza ngazi yake inafika ghorofa ya ngapi. Kwa Masasi na Newala, swali la kwanza lingepaswa kuwa: linabeba lita ngapi?

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho mwaka 2007, mzigo wa mkulima hulala ghalani ukisubiri mnada, na mwenyewe bado hajalipwa. Ganda la korosho lina mafuta, na mafuta hayo huwaka. Ongeza magunia ya juti yaliyopangwa kuelekea paani. Moto ukishika hapo, jasho la wanachama wa chama kizima cha msingi limo hatarini.

Ngazi ina faida yake. Askari humwaga maji kutoka juu ya paa badala ya kusimama karibu na ukuta unaoweza kuanguka. Lakini bomba la ncha ya ngazi likirusha lita 2,000 kwa dakika, tangi la lita 5,000 huisha kwa dakika mbili na nusu, na baada ya hapo ngazi ni pambo. Yapo hata magari ya ngazi yasiyobeba maji kabisa. Hutegemea gari jingine. Newala nayo maji hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni, na kila mama wa huko anajua thamani ya ndoo moja.

Hata ngazi zenyewe hazilingani. Muuzaji akisema mita 30, aulizwe inafika wapi ikiinamishwa. Ulaya kipimo kinachozoeleka ni mita 23 kwenda juu gari likiwa limejitenga mita 12 na jengo, na namba hizo mbili hutajwa pamoja. Ngazi ya alumini ni nyepesi na haishiki kutu, ila hulegea kwa joto dogo kuliko ya chuma. Ya chuma huongeza uzito. Zote mbili zinahitaji ardhi ngumu na nafasi ya kutandaza miguu ya gari pembeni. Kwenye mchanga na vichochoro vya soko, nafasi hiyo itatoka wapi? Kisha kuna mfumo wa haidroliki, unaotaka fundi na vipuri kila mwaka.

Soko la Karume, Dar es Salaam, lilipoungua Januari 2022, vilivyoteketea ni vibanda vya chini. Magulio na masoko ya kusini yanafanana zaidi na Karume kuliko na majengo ya ghorofa.

Kwa hiyo fedha za kwanza ziende kwenye maboza yenye pampu nzuri, pamoja na matangi ya kuvunia maji ya mvua kwenye kila ghala. Gari la ngazi likae Mtwara mjini, kwenye bandari na maghorofa. Kabla ya msimu kufunguliwa Oktoba, wanachama wa MAMCU na TANECU waulize kwenye mikutano yao: ghala letu lina lita ngapi, na nani ana ufunguo wa pampu usiku?