Usinyamaze Sindano Ikiuma

Ndugu, ukilazwa juu ya meza ya kupasuliwa, na mkono ukaungua kama umetiwa pilipili, usinyamaze. Hapa Kamina twapenda kumsifu mgonjwa asiyelia. Mimi siikubali sifa hiyo.

Dawa moja ya usingizi, propofoli, nyeupe kama maziwa, huuma inapoingia mshipani. Mgonjwa asipokingwa kwanza, watu 6 hivi katika 10 husikia uchungu huo. Ketamini, ambayo hospitali nyingi za Kongo huitumia, kwa kawaida haiumi hivyo. Basi si woga wako, mama. Ni dawa yenyewe.

Wala msaada wake si wa gharama kubwa. Munganga aweza kuchagua mshipa mnene penye kikunjo cha kiwiko, asichome ule mwembamba wa mgongo wa kiganja. Tena aweza kuufunga mkono kwa mpira, kutia lidokaini kidogo, kungoja kama dakika moja, kisha kufungua na kutia dawa ya usingizi. Lidokaini ndiyo ile ya kufisha ganzi wakati wa kung'oa jino. Kama siku ya jino ilikudhuru, umwambie mapema.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko kuungua. Labda sindano imetoka mshipani na dawa yamwagika chini ya ngozi. Tiopentali, dawa nyingine ya usingizi, ikimwagika hivyo yaweza kuharibu nyama ya mkono. Muuguzi atazama, lakini wewe ndiwe unayesikia, kabla usingizi haujakushika. Mwambie, "Yaniuma, papa hapa," naye atasimamisha mkono wake aangalie.