Kijiji kilichojengwa na wakimbizi

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ugiriki vilipokwisha mwaka 1949, maelfu ya watu wa upande wa wakomunisti ulioshindwa walitawanyika Ulaya Mashariki, wengine hadi Tashkent. Huko Hungary, mwaka 1950, kilijengwa kijiji chao, kusini mwa Budapest. Leo kinaitwa Beloiannisz, kwa heshima ya Nikos Beloyannis, mkomunisti aliyepigwa risasi na serikali ya Ugiriki mwaka 1952. Nyumba na mashamba waliyaacha. Ngoma walikuja nazo. Katika kalamatianos, ngoma ya Kigiriki yenye hatua 12, wachezaji hushikana mikono na kuzunguka kuelekea kulia, kiongozi akipepea kitambaa, na asiyejua huungwa mkiani mpaka hatua zimkae. Hapo ndipo palipo na utamu: mtoto mzaliwa wa Hungary, asiyewahi kuiona Ugiriki, hufundishwa na mkono wa aliye kando yake. Wapo wanaobeza kwamba ngoma hizo ni maonyesho ya mavazi tu. Maonyesho gani hayo yanayodumu vizazi vitatu? Mwaka 1982 Ugiriki iliruhusu wakimbizi warejee, lakini wenye asili ya Kigiriki pekee. Wamasedonia wa Kislavoni waliopigana nao upande mmoja wakafungiwa mlango. Ubaguzi huo haujanyooshwa ipasavyo hadi leo.