Boti isihukumiwe kwa mbio: mstari wa mzigo uchorwe ubavuni

Kwenye bandari za ziwa Kivu, msafiri akiuliza kama boti ni nzuri, anajibiwa mambo mawili. La kwanza: «Hii inakimbia.» La pili: «Hii haijazama hata siku moja.» Basi mama anapandisha watoto, anaweka mfuko wake miguuni, na safari inaanza. Majibu hayo mawili hayana thamani yoyote, na wanaoyatoa wanajua hivyo.

Mbio ni kazi ya moteri, na moteri mpya inaweza kufungwa kwenye mbao zilizooza. Na kutozama jana hakusemi kitu juu ya leo. Kama jana boti ilibeba watu 60 na leo imebeba 150, jina ni lile lile na kapiteni ni yule yule, lakini mbele ya maji hicho ni chombo kingine kabisa.

Wakaaji wa Goma hawajasahau siku ya Alhamisi, tarehe 3 Oktoba 2024. Vita ilikuwa imefunga njia ya Sake, na watu waliotoka Minova walibaki na njia moja tu, ile ya maji. Boti ikajaa kupita kiasi. Haikuzamia katikati ya ziwa, ilizama ikikaribia bandari ya Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiwangojea ndugu zao. Hesabu ya kwanza aliyotoa liwali wa Kivu Kusini ilikuwa watu 278 ndani ya boti, na si chini ya 78 waliokufa. Na haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa Aprili 2019 boti nyingine ilizama upande wa Kalehe, na watu karibu 150 hawakujulikana walipo.

Kila msiba unapotokea, anatafutwa mkosaji asiyeweza kujibu: upepo, giza, mapenzi ya Mungu. Lakini upepo haukupakia magunia. Boti nyingi zinahukumiwa kufa zikiwa bado zimefungwa kamba bandarini, na mwenye macho anaweza kuona.

Aone nini? Kwanza, ubao uliobaki juu ya maji. Ukingo ukiwa karibu na maji, boti ikiinama kidogo tu maji yanaingia. Na maji yakiisha kuingia hayatulii: yanakimbilia upande ulioinama na kuuvuta chini zaidi. Pili, mzigo uko wapi. Gunia la makala likilala chini kabisa, linaituliza boti. Watu wakisimama au wakipanda juu ya mizigo, uzito unapanda nao. Ndiyo maana hatari ni kubwa wakati wa kufika: kila mtu anasimama, kila mtu anasogea upande wa kushukia.

Tatu, namna boti inavyoyumba. Boti inayoinama na kurudi upesi ina nguvu ya kujiinua, hata kama inawasumbua wasafiri. Ile inayoinama polepole, ikakaa kidogo, ikarudi kwa uvivu, wengi wanaisifu kwamba ni tulivu. Huo si utulivu. Ni boti iliyochoka, na wimbi moja zaidi linaweza kuilaza. Nne, kijana anayechota maji kwa bidoni iliyokatwa kabla safari haijaanza. Huyo peke yake ni jibu la kutosha.

Kuna nchi ambazo mambo haya hayaachiwi macho ya msafiri. Huko Ulaya, hata mashua ndogo ya matanga ya mtu anayejitembelea tu haiuzwi mpya bila kibao kinachosema inabeba watu wangapi na uzito gani, na inafaa maji ya namna gani. Madaraja ni manne, A mpaka D. Ya D ni ya maji yaliyojificha, mawimbi yasiyozidi nusu mita. Ya C inapewa mawimbi mpaka mita 2, ya B mpaka mita 4, na ya A inaweza kwenda baharini kabisa. Hakuna anayeuliza kama inakimbia. Sasa, boti inayofaa kufuata ukingo wa Idjwi asubuhi ya maji matulivu, nani aliithibitisha kwa kukata ziwa usiku, juu ya maji yenye kina cha zaidi ya mita 400?

Wenye boti watasema esanse ni ghali, na watu wakipunguzwa bei ya tikiti itapanda, na mkimbizi hataweza kulipa. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo inadanganya vizuri. Maskini hana uchaguzi, ni kweli. Lakini asiye na uchaguzi ndiye anayehitaji zaidi mtu wa kusema «hapana» kwa niaba yake. Njia ikifungwa na vita, boti ziongezwe, safari ziongezwe. Kuongeza watu juu ya ubao ule ule ni kumtoza maskini tofauti ya bei kwa maisha ya watoto wake.

Wengine watasema jile za kuokolea zilikwisha kuamuriwa, inatosha. Jile zinatakiwa, na zivaliwe, zisifungiwe chini ya viti. Lakini jile inaanza kazi boti ikiisha kufa. Kinachotakiwa ni boti isife.

Dawa yake ni ya zamani. Huko Uingereza, Samuel Plimsoll, mbunge, alipigana miaka mingi na wenye meli waliopakia kupita kiasi. Mwaka 1876 sheria ikaamuru kila meli ichorwe mstari ubavuni: maji yakiufikia, kupakia kunakoma. Lakini wenye meli waliachiwa kuuchora mahali walipotaka wenyewe, na mstari ukakosa maana. Ilibidi sheria nyingine, ya mwaka 1890, iwanyang'anye brashi.

Somo la Kivu liko hapo. Kila boti ya mbao ipakiwe mbele ya fundi, maji yakiwa yametulia. Fundi apime ubao uliobaki, aiinamishe kidogo aone inavyojiinua, kisha achore mstari mweupe pande zote mbili na kuandika hesabu ya watu kwa tarakimu kubwa. Mtoto wa mgongoni ahesabiwe, hata kama halipi. Na brashi isishikwe na mwenye boti, wala na yule anayekusanya kodi kwa kila kichwa kinachopanda, maana wote wawili wanapata faida mstari ukipanda juu.

Rangi kopo moja inatosha kwa boti nyingi. Mama anayetoka Minova na mifuko yake hahitaji kusoma karatasi ya mtu yeyote. Atatazama ubavuni: mstari ukionekana, apande. Mstari ukiwa umezama, abaki nchi kavu na watoto wake, na kapiteni aulizwe mbele ya watu wote ni nani amemruhusu kuondoka.