Shahidi Asiyeitwa: Ramani za Zamani na Fidia ya Nyamongo

Husemwa kwamba ramani haina upande. Nakataa. Chukueni karatasi za zamani za skeli ya 1:50,000 zinazoonesha Tarime na Serengeti, mzisome kwa makini. Mtauona Mto Mara ukijipinda kuelekea Ziwa Victoria, mistari ya kontua ikibanana penye vilima, na vitone vidogo vya makazi. Alama ya nyumba ipo. Ya mwenye nyumba haipo. Kitone hakina ukoo, mpaka wa shamba wala kaburi la babu.

Ukimya huo una gharama. Miaka ya 1960, kipande cha Lamai, kaskazini ya Mto Mara, kiliongezwa katika Hifadhi ya Serengeti. Mstari ulisogea, na ardhi ikabadili jina. Mwaka 2002 mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji, na leo Nyamongo ina mashimo ya Nyabirama na Gokona. Karatasi zile ni shahidi wa nchi ilivyokuwa kabla ya hapo.

Kwa nini basi shahidi huyu haitwi? Fidia ikijadiliwa Nyamongo, haliko mbali neno “tegesha”, yaani nyumba zilizojengwa harakaharaka ili zilipwe. Sikatai kwamba zipo. Nakataa neno hilo kugeuzwa jalala la kutupia kila dai. Ikiwa picha ya angani ya juzi yatosha kumuumbua mtegeshaji, vitone vya nusu karne vitoshe walau kumfungulia mlango wa kusikilizwa mzee wa Matongo au Kewanja, ambaye boma lake liliutangulia mgodi.

Ofisa ardhi atanijibu kwamba ramani si hati miliki. Kweli. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 18, inaipa haki ya kimila hadhi sawa na haki iliyotolewa kwa hati. Haki isiyo na karatasi huhitaji ushahidi wa ukaaji, na ushahidi huo umelala makabatini.

Nadai jambo moja: nakala za ramani hizo zibandikwe katika kila ofisi ya kijiji kabla kigingi hakijachomekwa na mthamini hajafungua daftari. Nanyi wanafunzi wa sheria na jiografia, nendeni mkaketi na wazee, muandike majina kando ya vitone, wangali hai. Waheshimiwa wa wilaya, hili halihitaji sheria mpya. Lahitaji nakala na gundi.