Pinga: mzee akipona malaria, asiachwe kwenye mkeka

Huku Pinga, mpakani mwa Masisi na Walikale, familia nyingi zimekimbia vita zaidi ya mara moja. Mzee akipona malaria, watu wa nyumba humwambia: "Pumzika, baba, usijisumbue." Ni heshima, lakini inammaliza nguvu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wazee wenye afya waliolala kitandani siku 10 tu walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Itakuwaje kwa mgonjwa mwenye njaa? Homa ikishuka, asaidiwe kusimama, atembee mpaka mlangoni, kesho aongeze kidogo. Na maharagi yakiiva, naye apewe sehemu yake. Siku risasi zitakapolia tena, asiyeweza kutembea ndiye atakayebaki nyuma.