Simu imeibiwa, nimepewa namba

Mwezi huu nina stori ya simu, ya ndege mwizi na ya ukuta mwembamba. Zote ni za huku Uingereza, na zote zina polisi ndani yake, kwa hiyo chukua kinywaji, kaa vizuri, twende.

Wengi mnajua kwamba huu ni mwaka wa tatu nahariri kurasa hizi nikiwa ughaibuni, kwenye mji ambao sitautaja, maana majirani zangu nao wana siri zao. Basi, jioni moja nimesimama nje ya stesheni ya treni namwandikia Baba Nuru meseji apitie vitunguu. Kabla sijamaliza hilo neno "vitunguu", baiskeli ya umeme ikapita ubavuni, mkono ukachomoka, simu ikaenda. Kijana kajifunika uso, hata "samahani" hakusema. Na hii ni nchi ambayo ukimkanyaga mtu kwenye basi, yeye ndiye anayekuomba radhi!

Nikapiga yowe la "mwizi!" kwa Kiswahili kabisa. Kwetu yowe kama lile lingetoa mtaa mzima. Hapa watu watatu waligeuka, mmoja akaniuliza kama ningependa kuketi kidogo. Sisemi kwetu ni bora. Nimekulia mahali ambapo nimeona kibaka akifikishwa mwisho wake kwa mawe na tairi, na picha ile sijaifuta kichwani mpaka leo. Ila siku ile, nakiri, nilitamani angalau mmoja akimbie hata hatua mbili.

Polisi wa huku wana namba mbili. Ya dharura ni 999, ilianza London mwaka 1937, baada ya moto wa mtaa wa Wimpole mwaka 1935 kuua wanawake watano. Ya mambo yasiyo ya haraka ni 101. Simu yangu ilihesabika kwenye yasiyo ya haraka. Nilisubiri kwenye laini ya 101 mpaka chai ikapoa, mwisho nikaelekezwa nijaze fomu kwenye intaneti. Fomu iliuliza rangi ya kava, rangi ya baiskeli, halafu rangi yangu mimi. Siku mbili baadaye ikaja barua pepe ya adabu sana: pole kwa kilichokupata, uchunguzi umefungwa, hii hapa namba yako ya kumbukumbu kwa ajili ya bima.

Yaani simu imeibiwa, nimepewa namba. Baba Nuru alicheka mpaka machozi. "Ipige hiyo namba," akasema, "labda mwizi atapokea."

Wiki mbili baadaye nikafungua kompyuta kutafuta simu iko wapi. Ramani ikanionyesha Shenzhen, China. Simu yangu imetembea kuliko mimi mwenyewe.

Usiwalaumu haraka. Kuanzia mwaka 2010 serikali ilibana matumizi, na polisi wa England na Wales wakapungua kwa takriban 20,000. Mwaka 2019 waziri mkuu mpya, Boris Johnson, akaahidi kuajiri 20,000 ifikapo Machi 2023, ahadi ya kujaza shimo ambalo chama chake mwenyewe kilikuwa kimelichimba. Na mwezi Oktoba 2022 wakuu wa polisi wakatangaza jambo lililopokewa kama habari kubwa: kwamba kuanzia sasa, nyumba yako ikivunjwa na kuibiwa, askari watafika. Soma tena hiyo sentensi. Nchi ambayo Robert Peel aliwaanzishia watu wa London jeshi la polisi mwaka 1829, na jina lake la Bobby likawa jina la utani la kila askari, imefikia mahali ambapo polisi kufika kwenye wizi inabidi kutangazwa.

Halafu kuna habari zao za kila siku, ambazo ndizo zilizonifanya niipende nchi hii. Mwaka 2007 kule Aberdeen, Scotland, shakwe, yule ndege wa pwani, alizoea kuingia dukani kwa mguu, taratibu kama mteja, anachukua pakiti ya Doritos, anatoka nayo. Kamera zikamnasa. Unadhani watu walifanya nini? Wakampa jina, Sam, na wateja wengine wakaanza kumlipia. Au chukua mwaka 2022, pale polisi wa London walipotoa faini 126 kwa sherehe zilizofanyika ofisi za serikali wakati wa amri za kukaa ndani kwa sababu ya korona. Johnson alilimwa, na mkewe akalimwa, kwa shughuli ileile ya siku ya kuzaliwa kwake. Wapenzi, mnafanya vitu vingi pamoja, lakini mmeshawahi kupigwa faini pamoja?

Basi nilikuwa nimezoea kucheka. Mpaka usiku mmoja wa mwezi wa kumi na moja.

Nyumba yetu ni ghorofa ya zamani, kuta zake nyembamba kama maandazi ya jana. Jirani wa juu akipiga chafya, sisi tunamwambia "afya". Anaishi na mwanaume mmoja mpole sana kwenye ngazi, anakushikia mlango, anamsifia Nuru nywele. Usiku ule tulisikia sauti zinapanda. Kisha kitu kizito kikaanguka. Kisha kimya. Na hicho kimya ndicho kilichonitoa kitandani.

"Napiga polisi," nikasema.

"Mama Nuru, lala," akanijibu mume wangu. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime."

"Na mmoja akifa, nichukue nini?"

Hapo tukaanza kugombana na sisi, kwa kunong'ona, mtoto asiamke. Nilimwambia maneno ambayo nayajutia, kwamba ni mwoga, kwamba kama ingekuwa kelele za mpira angeshapanda kulalamika. Alinyamaza kidogo, halafu akaniambia kitu ambacho katika miaka saba ya ndoa hajawahi kuniambia. Kwamba tangu tuhamie huku ameshasimamishwa na polisi mara mbili njiani akitoka kazini usiku, akapekuliwa mifuko, akaulizwa anaishi wapi na anafanya nini. Hakuniambia kwa sababu aliona aibu. "Wakija hapa," akasema, "mlango wa kwanza watakaogonga ni huu, na uso wa kwanza watakaouona ni wangu."

Mpenzi msomaji, nilikosa la kusema. Maana hofu yake haikutoka hewani. Mwaka 1993, kijana wa miaka 18, Stephen Lawrence, aliuawa akisubiri basi kusini mwa London kwa sababu tu ya weusi wake. Uchunguzi uliboronga kiasi kwamba ilifika mwaka 2012 ndipo wawili kati ya waliomshambulia wakatiwa hatiani kwa mauaji. Ripoti ya Macpherson ya mwaka 1999 ilisema wazi kwamba polisi wa London walikuwa na ubaguzi wa rangi ndani ya mfumo wao. Na ukisoma takwimu za serikali yenyewe, mwaka baada ya mwaka, mtu mweusi husimamishwa na kupekuliwa mara kadhaa zaidi ya mzungu.

Lakini na mimi nilikuwa na ya kwangu. Machi 2021, London, dada mmoja, Sarah Everard, alikuwa anatembea kurudi nyumbani. Aliyemteka na kumuua alikuwa askari polisi, Wayne Couzens, aliyetumia kitambulisho chake cha kazi kumdanganya kwamba anamkamata. Alifungwa maisha, bila tarehe ya kutoka. Baadaye polisi wakawashauri wanawake kwamba wakimtilia shaka askari aliye peke yake, wanaweza hata kusimamisha basi linalopita. Ndiyo, basi! Mwezi Machi 2023 ripoti ya Louise Casey ikarudi palepale kwa Macpherson na kuongeza: ubaguzi wa rangi bado upo, na dharau kwa wanawake ipo, na kwa mashoga ipo.

Kwa hiyo pale kitandani tulikuwa watu wawili, kila mmoja na sababu yake ya kutowaamini walewale tuliotaka kuwaita. Na juu yetu alikuwa mwanamke wa tatu, ambaye hakuwa na muda wa mjadala.

Nikapiga 999.

Ile huduma iliyonikalisha kwenye laini kwa ajili ya simu, safari hii ilipokea mara moja. Sauti ya dada mtulivu: polisi, zimamoto au gari la wagonjwa? Hazikupita dakika kumi askari wawili walikuwa kwenye ngazi, mmoja mwanamke. Hawakuwa na bunduki, kama ilivyo kwa askari wengi wa huku, ni vizibao, redio na kirungu. Walipita mlango wetu bila kuugonga. Baba Nuru alikuwa amesimama nyuma ya mlango huo muda wote, amevaa suruali na shati la ofisini, saa nane usiku, ili wakimkuta waone ni mtu wa heshima. Hiyo picha ndiyo iliyoniuma kuliko zote.

Walimtoa yule bwana mpole wakaondoka naye. Baada ya wiki tatu alirudi, akanishikia mlango kama kawaida. Jirani yangu akawa hanitazami. Nikajiona mbea niliyevunja nyumba ya watu kwa sababu ya kitu kilichoanguka.

Halafu Jumamosi moja akanigongea, yule bwana akiwa dukani. Hakutaka kukaa. Aliniomba namba yangu, na alitaka niiandike kwenye karatasi, isiingie kwenye simu yake, kwa sababu simu yake hukaguliwa kila jioni. Mshahara wake huingia kwenye akaunti ya huyo bwana. Dada yake hajamwona tangu Pasaka.

Sasa sikiliza, hasa wewe uliye kwenye uhusiano mpya na unaona raha kukaguliwa simu, ukidhani ndiyo mapenzi. Huku England na Wales, tangu Desemba 2015, kumtawala mwenzako hivyo, yaani kumkagua, kumnyima pesa zake, kumtenga na ndugu zake, mara kwa mara mpaka aishi kwa woga, ni kosa la jinai hata kama hajaguswa kwa kofi. Kifungo kinafika miaka mitano. Na tangu Machi 2014 kuna utaratibu unaoitwa kwa jina la Clare Wood, dada aliyeuawa mwaka 2009 huko Salford na mpenzi wake wa zamani, mwanaume aliyekuwa na historia ya ukatili kwa wanawake ambayo Clare hakuijua yote. Baba yake alipigania mpaka ikakubalika kwamba mtu ana haki ya kuuliza polisi: huyu niliye naye, ana historia gani? Hata ndugu au rafiki anaweza kuuliza kwa niaba yako, ingawa jibu, wakiona lazima litolewe, kwa kawaida hupewa aliye hatarini. Na anayepiga 999 kwa simu ya mkononi lakini hawezi kuongea kwa sababu mtu yuko karibu, akiambiwa abonyeze 55 na akabonyeza, huunganishwa na polisi.

Najua utaniambia: dada mhariri, huko ni Ulaya, sisi mpenzi tunamchunguza kwa shangazi. Kweli, na shangazi mzuri anawashinda wapelelezi. Lakini shangazi huwa anauliza ukoo gani, kazi gani, dini gani. Ni mara ngapi amewahi kuuliza yule wa kwanza aliachika kwa nini? Na hata kwetu Tanzania vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Swali ni kama jirani yuko tayari kumsindikiza mtu mpaka pale, au amechukua jembe ameenda kulima.

Niliandika namba yangu kwenye kipande cha bahasha. Jirani akaikunja, akaiweka ndani ya kiatu. Kabla hajatoka, Baba Nuru akatokea jikoni, mikono ina unga wa chapati, akamwomba ile karatasi. Nikadhani anataka kuirudisha. Akachukua kalamu akaandika ya kwake chini ya yangu, akasema, "Yeye akilala hasikii. Piga hii."

Mimi na yeye tumekubaliana mambo mawili tangu siku hiyo. La kwanza, akisimamishwa njiani, ananiambia usiku uleule, aibu au si aibu. La pili, ile methali ya jembe tumeistaafisha kwenye nyumba yetu.

Simu yangu bado iko Shenzhen, na kesi yake bado imefungwa. Nisalimie mwenzio hapo ulipo. Na muulize leo, kwa upole: kuna jambo gani lililokupata ambalo hukuniambia?